Usipa Uliopotea Lundo

Kila asubuhi kabla ya shule, Veneranda alimsaidia mama yake kuanika usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye kichanja, hapa Lundo, karibu na ziwa. Babu Protasi alibaki nyumbani akifukuza kunguru. Alikuwa mkulima wa Mpepai, kwenye kijiji cha Wamatengo, akahamia kwa kina Veneranda bibi alipofariki.

Wiki moja usipa ulipungua kila siku.

"Ni Hedwiga," babu alisema. "Nimemwona akishika samaki wetu."

Hedwiga alikuwa jirani yao. Babu hakuwa mwongo, kwa hiyo Veneranda aliacha kumwamkia mama huyo. Mama naye alikasirika. "Jumatatu nampeleka kwa balozi wa nyumba kumi!"

Jumamosi, Veneranda alijificha nyuma ya jiko. Hedwiga alikuja, akatazama huku na huku. Kumbe alikuwa akitafuta kigoda! Alikaa, akawageuza samaki wakauke vizuri, akampa babu uji wa moto, akaondoka.

Kisha babu aliinuka. Alijaza usipa kwenye kikapu, akaenda nyuma ya nyumba. Aliupanga chini kwa mistari iliyokatizana, akaufunika kwa udongo, kama Wamatengo wanavyopanga nyasi wakitengeneza ngoro, shamba lao la mashimo la mlimani.

"Babu! Unafanya nini?"

"Nafukia nyasi. Mvua iko karibu." Alimtazama. "Kwani wewe mtoto wa nani?"

Veneranda alikimbia kwa mama akilia.

Walimpeleka babu hospitali. Daktari Egidi alimuuliza maswali taratibu, kisha akamtoa damu.

"Hiyo damu mnaipeleka wapi?" Veneranda aliuliza kwa wasiwasi.

"Umeuliza vizuri. Inakwenda maabara kubwa. Ubongo ukiugua, baadhi ya protini zake hubadilika. Siku hizi wataalamu wanaweza kuona dalili zake kwenye damu."

Majibu yaliporudi, daktari alisema, "Babu ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Dawa ya kuuponya haijapatikana, lakini tutamsaidia. Hakuwadanganya. Ubongo wake ndio unaomdanganya."

Jioni hiyo walikwenda kwa Hedwiga.

"Shikamoo, mama," Veneranda alisema. "Nilidhani wewe ni mwizi. Nisamehe."

"Marahaba. Kumbe ndiyo maana ulininunia kama paka aliyenyimwa samaki!" Hedwiga alicheka, lakini macho yake yalilengwa na machozi. "Kesho nitakuja kukaa na babu."

Njiani mama alimshika Veneranda mkono. "Mimi mtu mzima ndiye niliyekosa zaidi, mwanangu. Daktari hakusema neno mpaka alipopima. Sisi tulimhukumu mtu mwema bila hata kumuuliza. Tusirudie."