Mnyama wa Tatu

Dalali alizunguka vyumba vyote, akanusa makochi, akapangusa manyoya yaliyomganda kwenye suruali, kisha akasimama katikati ya sebule na kutoa hukumu.

"Nyumba njema si mlango, mama, lakini mnunuzi huanza kuiona nyumba kwa pua. Hii inanuka mnyama. Jumamosi naleta watu. Mbwa atoke, na paka wote wawili watoke. Yule wa kijivu ni wa nani? Tangu niingie hajapepesa jicho."

"Wa mume wangu," alijibu fundi cherehani, akalitema neno la mwisho kama kokwa. "Mwambie mwenyewe."

Yeye hangemwambia. Mwaka wa pili ulikuwa unakatika, mke na mume hao hawasemezani. Gesi ikiisha, mmoja humtumia mwenzake ujumbe wa simu: "Gesi." Basi, hata salamu hakuna. Talaka walishakubaliana, lakini nyumba ilikuwa yao wote wawili, na hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake. Ilibidi iuzwe. Fundi cherehani alikuwa ameshapata chumba upande wa pili wa mji, chenye dirisha kubwa la kumwangazia kazi na kiua cha mbwa wake, kizee mmoja mwenye jicho moja bovu ambaye yeye alimwita Mzee. Mwenye chumba hicho alimpa mpaka mwisho wa mwezi awe amehamia. Alitaka jambo moja tu duniani, kutoka humo yeye na Mzee wake.

Yule paka wa kijivu, fundi hakukumbuka aliingia lini. Siku moja alimkuta tu amejikunja chini ya meza ya cherehani. Mume wake ndiye mpenda paka, alikuwa na mmoja mweupe aliyemdekeza kuliko alivyowahi kumdekeza mke, kwa hiyo fundi akajiambia: kaleta wa pili ili anikomoe. Hata hivyo, mnyama hana kosa. Kila jioni alimtupia mabaki ya nyama, na kuumwagia moyo wake sifa kwamba yeye si mtu mbaya kama yule.

Kazi ya kuitayarisha nyumba ilianza. Alisugua zulia kwa sabuni na siki, akang'oa manyoya kwenye makochi kwa glavu ya mpira iliyoloweshwa, akapiga msasa mlango wa sebule pale Mzee alipozoea kukwaruza akitaka kutoka, akaupaka rangi. Mzee akapelekwa kwa jirani. Paka mweupe akapelekwa kwa wifi. Wa kijivu akabaki, maana kila mmoja alimngojea mwenzake amtoe wa kwake.

Kesho yake, mlango uliopakwa rangi ulikuwa na mikwaruzo karibu na sakafu. Fundi alimlaani mume wake na paka wake, akapaka tena. Rangi ikakauka, mikwaruzo ikarudi, safari hii usawa wa kitasa. Akapaka. Ilipotokea mara ya tatu ilikuwa usawa wa uso wake mwenyewe, mistari minne ikiwa sambamba na wa tano umekaa pembeni, pale ambapo kidole gumba kingekaa. Hapo brashi ilimtoka mkononi.

Na harufu nayo ilikataa kuondoka. Kadiri alivyosugua ndivyo ilivyozidi, na haikuwa tena harufu ya mbwa wala ya paka, ilikuwa ya nywele zilizoungua. Mchana mmoja, akiwa peke yake anapinda pazia, alisikia maji yakilambwa jikoni, akadhani ni yule paka kwenye bakuli lake, akaendelea kushona. Lakini mlambo haukukoma, ukaendelea na kuendelea, mzito, wa ulimi mpana, bakuli likawa linakwaruza sakafu tupu kwa sababu maji yalikuwa yameshakwisha zamani, na bado ulimi ulilamba, na alipoinua macho aone kama mlango wa jikoni umefungwa alimwona paka wa kijivu ametulia palepale miguuni pake, anamtazama. Kule jikoni mlambo ukanyamaza. Fundi alikaa bila kujitikisa hadi mume wake aliporudi.

Jumamosi dalali alileta mtu na mkewe. Walilipenda bafu, wakalipenda jiko. Sebuleni yule mke wa mnunuzi aliinama, akainua kitambaa kilichofunika meza ya cherehani, akaruka nyuma na kumshika mumewe koti.

"Kuna mtu kajikunja humu chini," alinong'ona. "Ananicheka. Twende. Twende nimesema!"

Hawakuaga. Dalali alichungulia, akaona paka tu. Mlango wa nje ulipofungwa, miaka miwili ya kimya ilipasuka.

"Umefurahi?" fundi alimgeukia mume wake aliyekuwa ameegemea ukuta. "Paka wako kafukuza wanunuzi!"

"Paka wangu yuko kwa dada yangu. Mimi na wewe nani kaacha mnyama wake humu?"

"Huyu wa kijivu nasema! Usijitie wazimu."

Mume alimkodolea macho. Sauti ilimshuka. "Huyu si wako? Analala kwenye cherehani lako."

"Wangu wa wapi? Mimi namtupia nyama tu, nikijua ni wako."

"Na mimi namwekea maziwa asubuhi..."

Wote watatu wakatazama chini ya meza. Paka aliwatazama mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mgeni anayesikia wenyeji wakimjadili.

"Mimi nauza nyumba, siuzi makaburi," dalali alisema, na jasho likimtoka. "Ngojeni. Msitoke, na msimguse."

Alirudi na mganga, mama mnene wa miwani aliyevua viatu nje kabisa, getini. Hakufukiza kitu wala hakusoma. Aliuliza tu nani anamlisha, akajibiwa, akatikisa kichwa.

"Kama angevunja mlango ningemfukuza. Huyu mmemlisha, mkono huu na mkono ule. Aliyekaribishwa hafukuzwi, huondoka na mwenyeji wake. Mmoja wenu aseme kwa hiari yake, 'huyu ni wangu,' atoke naye. Nyumba itabaki salama."

"Wake," alisema mume haraka. "Nyama inashinda maziwa."

"Wako! Wewe ndiye baba wa mapaka."

"Nyamazeni!" mganga alinong'ona. "Hamwoni?"

Chini ya meza mgongo wa kijivu ulikuwa umeinuka. Lakini walishazoea kuchukiana, na midomo haikusikia. Wako, akasema huyu, wako, akasema yule, na kwa kila wako ule mgongo ulipanda, ukaugusa ubao wa meza, meza ikainama na cherehani juu yake, sindano ikaanza kupiga yenyewe bila uzi, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa hadi macho yakawachoma, na fundi alimtazama mume wake aliyebanwa ukutani akifumba macho, akajua kwamba mtu huyu hajawahi kuanza jambo lolote, hata samahani hakuwahi kuianza yeye, na kwamba akimngojea atazeekea humu, yeye na mume huyu na hiki kitu.

"Wangu," alisema. "Huyu ni wangu."

Meza ilitua. Paka akajitokeza, mdogo kama kawaida, akajipangusa kwenye kifundo cha mguu wake. Sebule ikanuka rangi mbichi tu.

"Sasa nenda," alisema mganga, naye akageuza uso pembeni. "Usimngojee mtu."

Fundi alitia cherehani kwenye mkoba mkubwa wa mishikio miwili, akatoka. Uani aliita, "Mzee! Twende baba, tumemaliza!" Mbwa alitoka mbio kwa jirani, mkia unacheza, akalia kwa furaha. Hatua chache kabla ya kumfikia alisimama. Jicho lake zima lilimtazama fundi, halikumtazama paka. Alinguruma, manyoya yakamsimama, akazunguka mbali kabisa na kujificha nyuma ya miguu ya mume aliyetokea mlangoni, mtu ambaye mbwa huyo alikuwa akimng'ata kila Ijumaa.

"Mzee," fundi aliita tena, akachuchumaa na kumnyooshea mkono.

"Nitamtunza," alisema mume. Lilikuwa neno la kwanza lisilo na mwiba baada ya miaka miwili, na lilimuuma kuliko yote.

Aliufuata mtaa, ameinamia upande mmoja kwa uzito wa mkoba, machozi yakimtiririka. Nyuma yake vilisikika vishindo vidogo vya miguu minne. Alipopinda kona vilikuwa vya miwili. Hakugeuka. Kisha mkoba ukawa mwepesi, kwa sababu mshikio wa pili ulikuwa umeshikwa.