Ubao Nambari Saba

Kila Jumamosi asubuhi nyumbani kwetu Malaba kulikuwa na vita, na vita vyenyewe vilikuwa vya mafuta. Mama alinisimamisha mlangoni, akachota mafuta koponi kwa vidole vitatu, akanipaka miguu, mikono, shingo na uso mpaka nikang'aa. Hayakuwa mafuta laini yenye harufu ya maua. Yalikuwa yale mazito ya kukamulia ng'ombe, ambayo nusu ya watu wa huku hujipaka na wala hawaoni haya kusema hivyo.

"Mama, mimi naenda kuingia kwa maji! Si yatatoka tu?"

"Na ukiwa njiani je? Simama vizuri! Mtoto akitoka kwangu amepauka, watu watasema hana mama."

Nilinuna, nikapiga mguu chini, lakini sikuthubutu kukimbia. Mama hufua mashuka ya gesti moja karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Akikushika mkono, umeshikwa.

Nilikuwa nikienda Maji Tele, uwanja wa michezo ya maji uliofunguliwa kando ya barabara ya kwenda Busia. Ndani yake kuna bwawa kubwa lenye mashine ya kutengeneza mawimbi. Gredi ya Saba ya shule yetu ilipewa nafasi ishirini za kujifunza kupanda mawimbi kwa ubao, Jumamosi sita mfululizo. Jumamosi ya mwisho, kochi angechagua watano tu waendelee na hatua ya pili. Sote tulizitaka nafasi hizo. Rafiki yangu Perez alizitaka kuliko sisi sote.

Perez alizaliwa katika mji wa Sio Port, kando ya ziwa, kwa wavuvi, kabla mama yake hajahamia Malaba kuuza dagaa aina ya omena sokoni. Alikuwa amezoea kusimama ndani ya mtumbwi tangu akiwa mdogo. Siku ya kwanza bwawani, wakati sisi wengine tulikuwa tukimeza maji na kukohoa, Perez alisimama juu ya ubao katika jaribio la tatu na akafika hadi ukingoni. Tulimpigia makofi mpaka viganja vikauma.

Kochi wetu aliitwa Everline. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti iliyoshinda mashine ya mawimbi.

"Kabla ya kuingia, kila mtu aoge kwa sabuni!" alituambia siku hiyo, na akayarudia maneno hayo kila Jumamosi. "Mafuta yanachafua maji. Yakishika ubao, mguu haushiki, unaanguka unaumia. Nikipata mtu na mafuta, anaenda nyumbani. Tumeelewana?"

"Ndiyo, kochi!"

Jumamosi ya kwanza nilitii. Nilijisugua kwa sabuni, mafuta yote ya mama yakaenda na maji. Baada ya mafunzo tuliketi juani tukikauka. Dawa ya kusafishia maji ya bwawa ilikuwa imenikausha ngozi, miguu ikawa myeupe kuanzia magoti hadi vidoleni.

"Ala! Alaso!" Austine, mvulana wa darasa letu, akapaza sauti. "Kwani umetoka kusaga unga?"

Wote walicheka. Hata wale wasionijua walicheka. Nilihisi moto usoni, nikatamani kumsukuma Austine bwawani na viatu vyake. Kumbe mama alisema kweli, nikawaza. Ukipauka, unachekwa.

Tangu siku hiyo vita vya nyumbani vilikwisha. Tena nilianza kubeba kopo langu dogo ndani ya mkoba. Kwenye bafu la Maji Tele nilifungua bomba, nikayaacha maji yapige ukuta ili kochi asikie sauti, nikajilowesha kichwa tu. Kisha nikajipaka tena, safari hii mimi mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Nyayo tu ndizo sikuzipaka, maana zingeteleza njiani.

Mbao zilikuwa kumi, kila ubao kwa watu wawili. Mimi na Perez tulipewa ubao nambari saba. Mmoja alipanda mawimbi matano, kisha akampisha mwenzake. Mimi niliomba kuanza kila mara, naye Perez hakuwa mtu wa kugombania vitu vidogo. Nililala kifudifudi juu ya ubao, nikapiga maji kwa mikono, wimbi likaja, nikajiinua na kusimama. Sikusimama vizuri, lakini nilisimama. Baada ya mawimbi matano, ambapo mapaja na mikono yangu ilikuwa imesugua ubao mzima, nilimpa Perez.

Perez akaanza kuanguka.

Mwanzoni sikujua sababu. Nasema kweli. Lakini Jumamosi ya nne, nilipokuwa nikimkabidhi ubao, kidole changu kiliteleza juu yake, nikaona mng'ao wa mafuta juani. Nilijua papo hapo. Nikajiambia mafuta kidogo hayawezi kumwangusha mtu, nikatazama kando.

"Perez! Kunja magoti!" Kochi Everline alifoka.

"Nimekunja, kochi! Ubao unateleza!"

"Ubao ni ule ule Alaso ametumia. Amesimama. Wewe siku hizi umejiona umeshajua!"

Jumamosi ya tano ndiyo mbaya. Perez alilikamata wimbi vizuri, akajiinua, akaweka mguu wa kwanza. Alipoweka wa pili, mguu ulimtoka chini, akapiga kidevu kwenye ukingo wa ubao. Alipoibuka, maji mbele yake yalikuwa mekundu.

Kochi alipuliza filimbi, mashine ikazimwa. Alimtoa Perez, akamsafisha jeraha na kulifunga. Alipoona halikuwa kubwa, hofu yake iligeuka hasira.

"Nimekwambia mara ngapi? Hapa si mahali pa kucheza!"

"Mimi sikucheza!" Perez alipiga kelele, machozi na maji yakichanganyika usoni. "Ubao unateleza! Alaso, waambie! Si umeutumia? Waambie!"

Kila mtu alinigeukia. Austine naye alikuwa pale, ameketi na miguu majini, akisubiri kitu cha kuchekea. 

"Mimi sijaona ukiteleza," nikasema.

Perez aliniangalia kwa muda mrefu.  Kochi alichukua orodha yake, akafuta jina. Akamwambia Perez aje Jumamosi ya mwisho kurudisha fulana ya mafunzo, na kwamba hataingia tena majini.

Wiki nzima nilikuwa na hasira na dunia nzima. Nilimkasirikia Austine kwa mdomo wake. Nilimkasirikia kochi kwa sheria zake, na mama kwa kopo lake. Nilimkasirikia hata Perez, kwa sababu darasani alihamia dawati la nyuma na hakuniomba hata kifutio.

Alhamisi jioni mama alikuwa akifua nguo zangu za kuogelea. Akalipata lile kopo dogo mkobani.

"Hii imefika huku aje?"

"Wananicheka nikipauka!" nikamjibu kwa ukali, nikajishangaa mwenyewe. "Na kochi anakataza mafuta. Ati tuoge tutoe yote."

Sikumwambia zaidi ya hapo. Mama alisimama, povu likimdondoka mikononi.

"Ati anakataza? Anataka watoto wetu wakae kama wamelala kwa majivu? Jumamosi naenda huko mimi mwenyewe. Atanijua!"

Na kweli alikwenda. Jumamosi ya sita alitembea mbele yangu, leso imefungwa kiunoni, kopo kubwa mkononi. Nilimfuata hatua chache nyuma. Perez alikuwa amesimama karibu na uzio, plasta kidevuni, fulana ya mafunzo imekunjwa vizuri mikononi mwake.

"Wewe ndiye kochi?" mama akaanza hata kabla ya salamu. "Ni wewe unakataza watoto mafuta?"

"Karibu, mama. Ni sheria ya hapa. Mafuta yakiingia kwa ubao, mtoto anateleza—"

"Anateleza nini! Huyu wangu anapakwa kila Jumamosi, na hajaanguka hata siku moja! Muulize!"

 Niliona kochi akifikiri. Nikaona macho yake yakitoka kwa mama, yakaja kwangu, yakaenda kwa Perez, yakarudi kwangu.

"Alaso," akasema polepole, "unaoganga kwa sabuni kabla ya kuingia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mama angenitetea mpaka jua litue, na hakuna ambaye angeweza kushindana na mama yangu. Lakini Perez alikuwa akinitazama, na ile plasta ilikuwa imelegea upande mmoja, nikaona kovu jipya chini yake.

"Hapana, kochi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Hapana. Naachilia maji tu. Najipaka tena nikiwa bafu. Perez hakukosea. Ni mafuta yangu yaliyokuwa kwa ubao. Na nilijua. Nilijua tangu wiki ile nyingine."

"Nilikwambia uwaambie!" Perez alilipuka, akaitupa fulana chini. "Nilikwambia! Ukasema hujaona! Mbele ya watu wote, Alaso!"

Austine alianza kucheka. Mama alimgeukia, na kicheko kikakatika katikati.

 Mama aliliangalia kopo mkononi mwake, kisha akaliweka chini, taratibu. Kochi Everline alimwendea Perez, akainama mpaka wakawa sawa kwa urefu.

"Perez, uliniambia mara mbili kwamba ubao unateleza. Mimi sikuenda hata kuugusa. Nilikufokea tu. Hilo ni kosa langu, na ninaomba msamaha. Chukua ubao safi. Una mawimbi matano kama wenzako."

Wimbi la kwanza lilimwangusha, kwa sababu alikuwa bado anatetemeka kwa hasira. La pili alisimama. La tatu, la nne na la tano alisimama pia, magoti yamekunjwa, mikono imetulia, akafika ukingoni kila mara. Hakutabasamu hata kidogo. Kochi aliandika jina lake la kwanza kati ya wale watano.

Mimi sikupanda wimbi lolote siku hiyo. Nilipewa kipande cha sabuni na brashi, nikasugua mbao zote kumi, pande zote mbili, huku wenzangu wakipita. Wengine walinicheka. Nilisugua tu. Nambari saba nilisugua mara tatu.

Nilidhani mambo yameisha hapo. Tulipotoka langoni, mama hakushika njia ya nyumbani.

"Twende sokoni."

"Kufanya nini, mama?"

"Kwa mama ya Perez. Hayo umesema huko, utayasema tena mbele yake. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

Perez alikuwa ameshafika kabla yetu. Alikuwa ameketi nyuma ya meza ya mama yake, akipepeta omena. Mama Perez alikuwa akimpimia mteja, akatuona, akatukaribisha kwa uchangamfu. Nilisubiri mteja aondoke. Kisha nikasema yote, tangu bomba la bafuni hadi ule uongo niliousema mbele ya watu. Uchangamfu ulimtoka usoni kidogo kidogo.

"Subiri," akasema. "Subiri kwanza. Hivyo huyu alikuwa akisema ukweli?"

"Ndiyo, mama."

Mama Perez aliweka mkebe wa kupimia chini. Aliketi kwenye kigoda chake, na alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya chini kuliko nilivyotarajia. Hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Wewe mtoto, hujui ulichofanya. Huyu alikuja hapa na damu kwa nguo, analia, ananiambia ubao unateleza. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia kochi hawezi kumfukuza bure, ni ujeuri wake. Wiki nzima sijamsemesha vizuri. Nimemwita mjeuri mbele ya wadogo zake, na chakula anakula akiwa peke yake pale kwa kona." Alifuta mikono kwenye leso. "Uliogopa kuchekwa. Sawa, kila mtu anaogopa. Lakini ulipokataa kusema, ile adhabu yako haikuisha, Alaso. Ilikuja kwa nyumba yangu, na mimi mwenyewe ndiye nikampa mtoto wangu. Siku ingine ukikosa, sema ni wewe, hapo hapo, kabla haijafika kwa mtu mwingine."

"Nisamehe, mama," nikasema. "Perez, nisamehe."

Perez aliinamia omena zake. Mama yake alikuwa ameshamgeukia, amemshika mabega kwa mikono yote miwili yenye harufu ya samaki.

"Perez. Mwanangu, na mimi pia unisamehe."

Hapo ndipo Perez alipolia, kilio kikubwa cha wiki nzima, uso wake umezama kifuani mwa mama yake, katikati ya soko, watu wakipita. Hakuna aliyecheka. Mimi nilisimama mbele ya meza ya omena, hasira imenijaa hadi kooni, na safari hii hapakuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia.