Aliyemponya Shangazi Ottilie

Oktoba ikiingia hapa Milwaukee, kila duka linaanza kutapika mizimu. Katika duka la mavazi la Mtaa wa Mitchell, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, foleni ilitoka kwenye meza ya malipo mpaka kwenye rafu ya meno ya bandia. Juu ya vichwa vya watu spika zililia muziki wa kutisha, ule wa kinanda na upepo na vicheko vya wachawi. Mimi muziki wa madukani huniudhi. Ulimuudhi zaidi Renata Sobczak, aliyesimama kwenye foleni na joho jeusi mkononi, koti lake jekundu amelifunga mpaka kidevuni.

"Hicho si kinanda," alisema kwa sauti, bila kuulizwa na mtu. "Ni kompyuta inaumwa tumbo."

"Na hata hiyo kompyuta imeshuka nusu sauti," ilijibu sauti nzito nyuma yake.

Renata aligeuka. Alimwona mwanamume mweusi mrefu, ovaroli yake imejaa madoa ya gundi, amekumbatia boga kubwa.

"Robo," alisema Renata. "Imeshuka robo."

"Nusu, dada yangu. Hii ndiyo kazi yangu."

"Kazi gani? Kubeba maboga?"

"Fundi wa vinanda vya mabomba. Lucius Tolliver."

Renata alimkazia macho. "Miaka miwili natafuta fundi! Ulijificha wapi?"

"Chicago."

"Ndiyo maana," alisema Renata, na wote wawili wakacheka.

Renata alikuwa mpiga kinanda wa Sinema ya Garfield, jumba la kale lenye viti vya mahameli vilivyochakaa. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ya Halloween, ile sikukuu ya mizimu, huonyeshwa pale filamu ileile bubu ya kutisha, naye hukaa chini ya pazia akiipigia muziki tangu mwanzo hadi mwisho. Muziki huo hakuugusa kabla ya wiki yenyewe. Aliamini ukizoeleka hautishi tena.

Kusawazisha kinanda cha mabomba, kile kinacholia kwa upepo upitao ndani ya mamia ya mabomba, ni kazi ya watu wawili. Lucius aliingia katika chumba cha mabomba, juu, nyuma ya ukuta wa mbao wenye vilango vya kupitisha sauti. Renata alikaa chini akibonyeza noti moja, akingoja, kisha nyingine. Hawakuonana. Walipigiana kelele tu.

"Inayofuata!"

"Inayofuata, halafu? Huna adabu wewe!"

"Inayofuata, tafadhali, malkia wa Milwaukee!"

Wakapendana hivyo, ukutani. Siku za Ijumaa walikula samaki wa kukaanga na mkate mweusi katika ukumbi wa kanisa, na Lucius akirudi kwake simu inafuata.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula na wewe, Lucius. Saa moja iliyopita."

"Basi nimekukumbuka."

"Umenikumbuka mimi au kinanda?"

"Kinanda hakinigombezi."

Sasa sikilizeni alichofanya mjinga huyu. Mle ndani kulikuwa na bomba moja la mbao, refu kuliko mlango, lenye ufa ubavuni. Ukilipiga, lilianza kwa mguno, likapanda, likalia kama mtu aliyetumbukia kisimani. Watu wa mtaa wetu walilibandika jina: Shangazi Ottilie. Walikuja na wajukuu zao kumsikia akilia pale bibi arusi wa kwenye filamu anapoufungua mlango wa chini ya nyumba. Lucius hakuyajua hayo. Aliona ufa. Alhamisi, siku mbili kabla ya onyesho, Renata akiwa kwa wanafunzi wake, aliuziba kwa gundi na ngozi laini, akasugua, akapiga mluzi wa furaha. Ilikuwa zawadi.

Ijumaa asubuhi Renata alikaa kufanya mazoezi. Akabonyeza. Ikatoka noti safi, nzuri, tulivu.

"Lucius!" Sauti ilimtoa fundi nje na sandwichi mkononi. "Shangazi Ottilie yuko wapi?"

"Umemsikia?" Lucius alitabasamu meno yote. "Nimemponya!"

"Nani alikwambia anaumwa?"

"Ana ufa wa..."

"Ufa ndio sauti yake! Watu mia sita wanakuja kesho kuusikia ufa huo. Nani alikutuma? Kiherehere chako tu! Upasue tena, sasa hivi."

Tabasamu lilimtoka. "Sipasui. Mimi fundi, Renata. Baba yangu alinifundisha kutengeneza, hakunifundisha kuharibu. Na ukitaka ukweli, unapiga kitu kibovu halafu unakiita muziki."

Hapo ndipo alipoharibu. Renata alisimama, uso umeiva.

"Wiki tatu umekaa ndani ya kinanda changu," alisema polepole. "Wiki tatu! Nikadhani nimempata mtu anayenisikia. Kumbe unasikia mbao na gundi. Chukua vyuma vyako. Toka."

Lucius aliondoka bila koti lake. Mchana alipiga simu mara saba. Ya nane Renata akapokea, si kwa huruma, bali kwa sababu matusi yalikuwa yamemjaa.

"Unataka nini?"

"Uniwekee nisikie."

"Nini?"

"Huo muziki wako. Umekuwa ukinipa noti moja moja, Renata. Hujawahi kunipigia wimbo mzima hata siku moja. Nitausikiaje nisiopigiwa? Na wewe una makosa!"

"Mimi nina makosa?"

"Ndiyo! Wewe!"

Renata aliibwaga simu kwenye benchi, akavua viatu na kuanza kupiga. Alipiga kwa hasira, kwa mikono na miguu, mpaka taa za ukutani zikatikisika. Ndani ya muziki bibi arusi alishuka ngazi, mshumaa ukazimika, mkono ukashika kitasa. Hapo Renata akaacha na kuinamia simu.

"Hapa!" alipiga kelele, machozi yanamtoka. "Hapa ndipo Ottilie alipokuwa analia! Na akilia ninamngoja, naye ananingoja! Umesikia?"

Akakata kabla ya jibu.

Jumamosi saa nane mchana sinema ilifurika. Wachawi, mifupa, mababu waliovaa masharubu ya bandia, bisi mpaka sakafuni. Renata alitoka na joho jeusi juu ya gauni la kijani, akapigiwa makofi, asitabasamu. Moyoni alikuwa amekwisha kubali aibu. Filamu ikaenda. Bibi arusi akashuka. Mkono ukashika kitasa, na Renata akabonyeza noti ya bomba lile kwa chuki, akingoja noti safi.

Bomba likaguna.

Likapinda sauti, likashuka, likapanda taratibu, likatoa kilio ambacho hata Ottilie wa zamani hakuwahi kukitoa. Watoto walipiga mayowe. Mzee mmoja alirusha bisi zake zote hewani. Renata alikawiza noti, na kilio kikakawia naye. Alipopunguza, kikapungua. Alipoachia, kikangoja, na alipogusa tena kikatoa kwikwi moja, pale hasa alipotaka.

Filamu ilipokwisha hakungoja makofi. Alipanda ngazi ya chumba cha mabomba na joho lake, akasukuma mlango. Lucius alikuwa amepiga magoti mbele ya Ottilie, kiganja kwenye mdomo wa bomba. Ukiuziba mdomo huo kidogo kidogo, sauti hujipinda. Kiganja kilikuwa chekundu.

"Nani kakuruhusu kuingia?" alifoka Renata.

"Eeh?"

"Nasema nani kakuruhusu! Na pamba ziko wapi?" Maana fundi yeyote anayekaa mle kinanda kikinguruma huziba masikio, mabomba mia nane si mchezo.

"Nilizitoa," alisema Lucius kwa sauti kubwa ya mtu ambaye masikio yanamvuma. "Ningekufuataje nikiwa nimeziba?"

Renata alilia kwa hasira, hasira ya kweli, akampiga begani. "Mjinga! Utakuwa kiziwi! Ufa wangu umeuziba, sasa kila Oktoba utasimama hapa mwenyewe, umesikia? Mpaka uzeeke!"

"Eeh?"

"Nasema nioe!"

"Sema kwa nguvu!"

"NIOE, LUCIUS TOLLIVER!"

Vilango vya sauti vilikuwa wazi. Kule chini watu mia sita waliokuwa wakitafuta makoti yao walishangilia na kugonga viti.

Lucius akamshika kiuno, akamnong'oneza sikioni.

"Nitakuoa. Nilikusikia tangu mara ya kwanza."

Renata alimpiga tena, safari hii kwa nguvu zaidi.