Swali la Kaini na Trei ya Juu

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Sisimizi aliingia chumba cha uani kuwaamkia mayai. Humo mlikuwa na sanduku kubwa la mbao lenye mlango wa kioo, trei mbili za mayai, na taa ya mafuta chini kabisa. Hiyo ndiyo mashine ya mama ya kutotolesha vifaranga. Kuku huyakalia mayai yake na kuyageuza kwa mdomo. Sanduku halina mdomo, kwa hiyo lilimhitaji Sisimizi.

Kazi yenyewe haikuwa ya kutoa jasho. Kila yai lilikuwa na alama mbili za penseli, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili. Kama misalaba ilikuwa juu, unageuza ili maduara yaje juu. Asubuhi, ukirudi shuleni, na jioni. Ukimaliza unatia tiki kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, ili mama akitoka bandani aone mambo yako sawa.

Ugumu ulikuwa kutulia. Sisimizi alikuwa na miaka kumi na mmoja, na jina hilo alipewa na majirani kwa sababu hawakuwahi kumwona amekaa. Hata akila, mguu mmoja ulikuwa tayari mlangoni.

Nyuma yake alifuata Bonge, mdogo wake wa miaka sita, mwenye mashavu ya kushiba na maswali yasiyoshiba.

"Dada, kifaranga anapumulia wapi humo ndani?"

"Kwenye pua yake."

"Na akitaka kwenda chooni?"

"Bonge, utaniua!"

Mama alikuwa amempa Bonge yai moja liwe lake. Alilichorea kofia kwa penseli na kuliweka trei ya chini, maana mkono wake haukufika ya juu hata akisimama kwa ncha za vidole.

Wiki ya mwisho kabla ya likizo, shuleni kulikuwa na mashindano ya kuruka kamba. Sisimizi alichaguliwa. Weee! Kamba ikamwingia kichwani kuliko hesabu. Jumatatu aliwahi mazoezi, akapita chumba cha uani mbio, akatia tiki na kutoka. Alijiambia atayageuza jioni. Jioni miguu ilikuwa imechoka, akatia tiki nyingine. Jumanne na Jumatano vilevile. Siku tatu penseli ilifanya kazi, mikono haikufanya.

Alhamisi mchana mama alitundika blanketi dirishani ili chumba kiwe giza, akaanza kuyamulika mayai kwa tochi, moja moja. Trei ya chini ilikuwa nzuri. Kila yai lilionyesha mishipa myekundu, kama mizizi midogo. Alipofika ya juu akasogeza tochi karibu zaidi. Yai baada ya yai lilikuwa na doa jeusi lililoganda upande mmoja wa ganda. Ukilitikisa, halisogei.

"Mayai thelathini," mama alisema polepole, kama mtu anayesoma habari za msiba. "Nani amekuwa akifungua mlango huu?"

Sisimizi alitazama ukutani. Tiki zake zilikuwa zimejipanga kama askari wa gwaride.

"Mimi," alisema Bonge.

"Wewe? Mara ngapi?"

Bonge alihesabu vidole vya mkono mmoja, vikaisha. Akaanza vya mkono wa pili. "Nyingi, mama."

"Ndiyo maana! Baridi imeingia. Ya chini yamepona kwa kuwa yako karibu na taa, ya juu yamekwisha." Mama alimgeukia Sisimizi. "Na wewe, mdogo wako anafungua mashine kama kabati la sukari, ulikuwa wapi?"

Ukweli ulikuwa pale pale, umekaa kwenye ncha ya ulimi, umevaa na viatu. Ungetoka kwa neno moja. Lakini Sisimizi aliinua bega.

"Kwani mimi ni askari wa Bonge?"

Mama alizima tochi. Kisha akatoa hukumu: Bonge hatakaa karibu na mashine tena mpaka vifaranga watoke. Jumamosi shangazi atakuja kumchukua, akakae kwake likizo nzima. Na yai lenye kofia si lake tena.

Bonge hakulia. Hilo ndilo lililomtia Sisimizi wasiwasi, kwa sababu shangazi alikuwa mtu wa kumliza hata mtu mzima. Nyumbani kwake paka mwenyewe alikuwa anaomba ruhusa kabla ya kupiga chafya.

Tangu saa ile Sisimizi hakuwa na raha. Alifagia uwanja, akamaliza, akaufagia tena. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani bila kujua anatafuta nini. Kwenye mashindano ya kamba siku ya Ijumaa alijikwaa mruko wa tatu tu, wakati mazoezini alikuwa akifika mia. Wenzake wakamzomea, "Sisimizi kapoteza mguu!"

Jioni hiyo alikwenda kanisani kwenye kipindi cha watoto. Mwalimu wao wa dini siku nyingine zote alikuwa fundi baiskeli, na hata alipopekua Biblia kucha zake zilikuwa na grisi. Alikuja na kopo lililojaa vikaratasi.

"Humu," alisema akilitikisa, "mna maswali ambayo watu katika Biblia walimuuliza Mungu mwenyewe. Kila mtu achomoe moja. Jumapili atasimama mbele ya wazazi alitaje, aseme nani aliuliza, na kama alijibiwa."

Msichana mmoja mwenye maneno mengi, waliyemwita Redio, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwani inaruhusiwa? Bibi yangu anasema kumhoji Mungu ni utovu wa adabu."

"Na kumhoji bibi yako?"

"Hiyo ndiyo hatari zaidi."

Watoto wakacheka, kopo likaanza kuzunguka. Redio alipata swali la Rebeka, aliyebeba mapacha wakapigana tumboni mwake, naye akaenda kumuuliza Mungu kwa nini yanamkuta hayo. Mvulana mrefu wa kiti cha nyuma alipata la Musa: mimi ni nani hata niende kwa Farao? "Swali la mtu asiyetaka kutumwa," Redio akasema. Mwingine alipata la Gideoni: kama uko pamoja nasi, mbona tumepatwa na haya yote?

Sisimizi alitumbukiza mkono, akachagua cha chini kabisa. Akakikunjua.

*Kaini: Kwani mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?*

Alikikunja upesi kana kwamba kimemchoma. Redio alikuwa ameshachungulia. "Ah, wewe umepata jepesi! Hilo hata mtoto mchanga analijua." Sisimizi alitamani kumpa na kopo zima.

Jumamosi asubuhi alikwenda mbio hadi kibandani kwa fundi. Mwalimu alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la maji, ameshika mpira wa ndani wa tairi.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba kubadilishiwa swali."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Ni… fupi mno."

"Fupi? La nabii Habakuki linaanza na 'mpaka lini,' nalo watu wazima wanaliuliza mpaka leo." Alizamisha mpira majini, akauzungusha kidogo kidogo. "Huu una pancha. Mwenye baiskeli anaapa hauna, eti ni pampu yangu mbovu. Hebu tuuulize wenyewe."

Sisimizi alisimama kwa mguu mmoja, akabadilisha, akarudia wa kwanza. "Mwalimu, wale wote walimuuliza Mungu, hakuwakasirikia?"

"Hakuwakasirikia. Wengine walimlilia kwa uchungu, wengine walimbishia kabisa. Aliwasikiliza. Mtu anayeuliza kwa sababu anataka kujua hamchoshi Mungu."

"Na Kaini alijibiwa?"

"Kaini hakuuliza, mwanangu. Alisema maneno yenye sura ya swali. Alikuwa ameulizwa kwanza yeye, ndugu yako yuko wapi? Akaona jibu la kweli litamuumbua, ndipo akarusha swali, kama mtu anayefunga mlango ili mgeni asione vyombo vichafu." Fundi akasimamisha mpira. "Aa, hii hapa."

Majini, viputo vidogo vilipanda vikifuatana, blu, blu, blu. Sisimizi aliviangalia. Uongo wake wa Alhamisi nao ulikuwa ukivuja hivyo hivyo.

"Shangazi anakuja saa ngapi?" alijiuliza kwa sauti, na kabla fundi hajauliza shangazi gani, alikuwa ameshafika kona ya barabara.

Shangazi alikuwa tayari sebuleni, mwavuli magotini, anamweleza mama jinsi watoto wa siku hizi walivyoharibika. Sisimizi alipita hadi uani. Bonge alikuwa amekaa juu ya kifurushi cha nguo zake, amevaa viatu vya kanisani. Kushoto kulia, kulia kushoto.

"Dada," alisema, "nikienda, utanigeuzia yai langu? Usisahau tena."

Sisimizi alichuchumaa mbele yake. "Tena? Nani kakwambia nilisahau?"

"Nilikuona. Ulikuwa unatia tiki tu, halafu unakimbia. Nikaogopa vifaranga watabandikwa kwenye ganda, mama alisema wasipogeuzwa wanabandikwa. Nikawa ninageuza mimi. Ya juu sikufika." Akanyoosha mkono wake mfupi kuonyesha ulipoishia. "Nilivuta kigoda, kikaanguka."

"Sasa Alhamisi mbona hukumwambia mama?"

Bonge alimtazama kwa mshangao, kama vile swali la ajabu kuliko yote aliyowahi kusikia ni hilo. "Angekupiga wewe."

Sisimizi alimshika mkono. Hakukimbia. Mara ya kwanza maishani mwake alikwenda mwendo wa kawaida, mpaka mbele ya mama. Shangazi akakatiza hotuba yake.

"Mama, niliyeua mayai ni mimi. Sikuyageuza siku tatu. Nilitia tiki za uongo. Bonge alikuwa anafungua ili ayageuze yeye. Yale ya chini ni yeye aliyeyaponya."

Mama alisimama, akaenda chumba cha uani, nao wakamfuata. Alitazama tiki ukutani, akatazama trei ya chini, kisha mkono wa Bonge.

"Nami nikasema ni taa iliyoyaponya," alisema mama kwa sauti ndogo. "Nikamhukumu mtoto bila kumuuliza kwa nini." Alipiga magoti mbele ya Bonge. "Nisamehe, baba yangu. Yai ni lako. Huendi popote."

"Na mimi mwavuli huu nimeubebea nini?" shangazi akauliza.

"Mvua, shangazi," Bonge akamjibu kwa heshima zote, na hata shangazi alishindwa kuzuia meno yake yasionekane.

Sisimizi alisubiri fimbo. Haikuja. Ilikuja adhabu ndefu zaidi: likizo nzima atageuza mayai mara tatu kwa siku mbele ya macho ya Bonge, na tiki ataitia Bonge. Trei ya juu ikajazwa mayai mapya. Kamba ikatundikwa msumarini, juu, mahali ambapo hata kigoda hakifiki.

Jumapili alisimama mbele ya wazazi. Mguu haukuchezacheza. Alitaja swali, akamtaja Kaini. "Hakujibiwa," alisema, "kwa sababu jibu alikuwa nalo mwenyewe. Hata mimi nililiuliza hilo Alhamisi. Jibu ni ndiyo." Kutoka kwenye mabenchi sauti moja ya mashavu manene ikapaa, "Ni dada yangu huyo!" Fundi aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu kwenye Biblia.

Siku ya ishirini na moja yai lenye kofia lilipasuka. Kifaranga alitoka amelowa, anayumba, hana hata adabu ya kusalimia. Bonge alikuwa amepachika penseli sikioni kama karani, akiuliza maswali sita kwa mpigo. Mama aliwavuta wote wawili karibu na mlango wa kioo.

"Mnakumbuka yale ya juu yalivyokufa? Hayakufa kwa baridi. Yaliganda upande mmoja kwa kuwa hakuna aliyeyageuza mapema. Mtu akikosa naye ni vivyo hivyo. Ageuke siku ileile, aseme, kabla uongo haujamgandisha. Na maswali, ulizeni yote, kwangu na kwa Mungu. Ila msiulize ili kujificha." Akamgusa Sisimizi begani. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Dada," Bonge akadakia, akionyesha karatasi ukutani, "saa imefika. Yale mapya ya juu bado hujageuza."

Sisimizi akafungua mlango, akaanza na trei ya juu.