Nauli ya Watu Wawili

Siku za kuchuma chai, Sheila na mama yake waliingia shambani umande ukiwa bado haujakauka. Sheila alichuma mistari ya juu ya mteremko, naye mama yake, Orpah, alichuma ile ya chini karibu na migomba, kwa sababu magoti yake hayakupenda kupanda. Orpah alikuwa mwanamke mnene. Alikuwa hivyo tangu usichana wake, kama mama yake na shangazi zake. Hata sauti yake ilikuwa nene. Aliimba nyimbo za kanisani huku akichuma, na majirani wa ng'ambo ya bonde walijua kwamba Mama Sheila yuko kazini.

Jua lilipochomoza, Sheila aliacha kikapu, akanawa miguu, akanywa chai kwa ndizi za kuchemsha na kukimbia shuleni. Alikuwa Gredi ya Sita. Baba yake alifanya kazi katika mashamba ya ngano huko Narok, na alirudi nyumbani kila Desemba.

Kila mwezi Orpah alikwenda kupimwa presha na kuchukua dawa katika zahanati iliyo kwenye barabara ya Ogembo. Ilikuwa mbali kwa miguu, na vilima havikuisha. Kwa hiyo alipanda bodaboda kwenye steji iliyo kando ya kituo cha kununulia majani chai.

Siku moja wakati wa likizo, Sheila alimsindikiza hadi hapo, gunia la majani likiwa kichwani mwake. Wakulima walikuwa wamepanga foleni mbele ya mizani. Orpah alimwendea Momanyi, kijana aliyezoea kumbeba, lakini Obadiah, mwenyekiti wa steji, akanyoosha mkono kumzuia.

"Mathe, subiri kidogo. Wewe sasa utalipa nauli ya watu wawili."

"Watu wawili?" Orpah akatabasamu, akageuka nyuma kama anayemtafuta mtu. "Mwenzangu yuko wapi?"

"Si mzaha, mathe. Tulikubaliana jana. Kilima hiki kinakula petroli, springi zinakatika kila wiki. Na wewe ukishakaa, mtu mwingine atakaa wapi?"

Mwendeshaji mmoja aliyekuwa ameegemea pikipiki yake akamwita karani wa chai kwa sauti ya juu. "Karani! Hebu mtundike huyu kwenye mizani! Lakini usisahau kumkata uzito wa gunia!"

Steji yote ikaangua kicheko. Baadhi ya wakulima kwenye foleni nao wakacheka, hata wale waliokaa na Orpah benchi moja kanisani. Orpah mwenyewe alicheka pamoja nao. Sheila alimtazama mama yake akicheka, na alitamani ardhi ifunguke. Kisha Orpah akafungua kitambaa chake cha pesa, akalipa walivyotaka, akapanda na kwenda zake. Hakugeuka kumpungia Sheila mkono.

Jioni hiyo hakuimba. Alipika, akasali, akalala.

Siku ya zahanati ya mwezi uliofuata ilipofika, Orpah alivaa viatu vya raba.

"Naenda kwa miguu," alisema.

"Mama, na magoti?"

"Magoti yatazoea. Na ukiulizwa, sema daktari ameniambia nitembee ili nipunguze mwili. Umesikia?"

"Lakini daktari hajasema hivyo."

"Sheila, nimekuuliza, umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Orpah alitoka baada ya chai ya asubuhi na kurudi ng'ombe wakifungwa zizini. Magoti yake yalikuwa yamefura, na kwa siku kadhaa alitembea akishika ukuta. Lakini Jumamosi, siku yao ya Sabato, baada ya ibada, akina mama wa Dorkasi, kikundi cha wanawake cha kanisa, walimzunguka nje ya kanisa kwa furaha.

"Tumekuona barabarani, Mama Sheila! Hongera! Sisi wengine ni kula tu na kulala."

"Nafanya mazoezi," akajibu Orpah, akicheka.

Drusilla, kiongozi wa Dorkasi na rafiki wa Orpah tangu wakiwa wasichana, hakucheka sana. Alimvuta Sheila kando. "Ni kweli daktari ndiye aliyemwambia atembee?"

Sheila aliona macho ya mama yake yakimtazama kutoka mbali. "Ndiyo," akasema. Kisha akainama na kuifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Tangu hapo watu wote walimsifu Orpah kwa kutembea, na kila sifa ilimfungia mlango mwingine. Angewezaje tena kusema kwamba hawezi? Siku ya zahanati iliyofuata alisema ana kazi nyingi. Akasema ataenda wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika, ilinyesha. Sheila akaanza kumwona mama yake akiweka kidonge juu ya kibao cha kukatia mboga na kukigawanya kwa kisu, nusu ya leo na nusu ya kesho. Baadaye hata nusu zikaisha. Pakiti tupu ilibaki kwenye rafu kando ya Biblia, na hakuna aliyeitupa.

Mtoto wa umri wa Sheila angefanya nini? Hakuwa na simu. Baba alipopiga kwa simu ya mama, mama alikaa hapo hapo akisikiliza. Usiku Sheila alimwomba Mungu amponye mama yake. Asubuhi alimkuta amekaa kitandani akishika kichwa.

Siku moja baada ya masomo alikwenda zahanati peke yake, nusu ya njia akikimbia. Muuguzi Edinah alimfahamu.

"Nimekuja kumchukulia Mama dawa," Sheila alisema, akihema.

"Mama mwenyewe yuko wapi? Siwezi kukupa dawa hizi bila kumpima, mwanangu. Amekosa kuja kwa muda. Nikikisia kipimo naweza kumdhuru. Kwa nini haji?"

Jibu la kweli lilifika mpaka kwenye meno. "Ana kazi nyingi," akasema.

"Mwambie aiache kazi aje. Mwambie ni mimi nimesema."

Akiwa njiani kurudi alimkuta Momanyi akifuta matope kwenye pikipiki. Alisimama mbele yake, sare yake imelowa jasho.

"Momanyi, tafadhali mbebe Mama kwa nauli moja. Siku moja tu."

Momanyi aliendelea kufuta. "Sheila, mimi sina ubaya na mamako. Lakini sheria ni ya steji. Nikiivunja, Obadiah ataniondoa kwenye zamu. Na pikipiki hii si yangu, jioni mwenye nayo anataka pesa yake. Springi ikikatika, ni mimi nitaulizwa." Akamtazama kwa haya. "Si nasikia anafanya mazoezi?"

Sheila aligeuka. Alirudi nyumbani akiwa hana dawa wala bodaboda. Njiani alitambua kwamba uongo ule ulikuwa umemtangulia kila mahali alipokwenda kuomba msaada.

Ijumaa moja aliporudi kutoka shuleni hakumkuta mama yake jikoni. Siku ya Ijumaa mchana nyumba yao ilinukia chakula, kwa sababu chakula cha Sabato hupikwa mapema, kabla jua halijatua. Siku hiyo moto ulikuwa haujawashwa. Alimkuta shambani, amekaa chini kati ya mistari ya chai, kikapu kimepinduka na majani yametapakaa.

"Mama!"

"Kichwa," Orpah alisema polepole. "Kichwa kinapasuka. Nakuona wewe wawili wawili. Na mkono huu umekufa ganzi."

"Niite watu?"

"Usiite mtu. Leo ni Ijumaa, watu wanatayarisha Sabato. Nitapumzika kidogo, itapita."

Sheila alijaribu kumwinua, akashindwa. Akajaribu tena, akashindwa. Akasimama pale, mikono yake miwili ikining'inia, akimtazama mtu anayempenda kuliko wote duniani na asijue la kufanya. Kisha akageuka na kukimbia. Mama yake aliita jina lake mara moja, kwa hasira, lakini Sheila hakusimama.

Drusilla alikuwa nyumbani akipiga nguo pasi ya makaa. Sheila aliingia bila kubisha.

"Nilikudanganya! Daktari hakusema Mama atembee. Anatembea kwa sababu wanamlipisha watu wawili na wanamcheka. Dawa zimeisha zamani. Amekaa shambani, mkono umekufa ganzi!"

Drusilla aliweka pasi chini. Alimwita binti yake na jirani mmoja, wakaenda mbio. Walimwinua Orpah kwa pamoja, wakamshika kwapani huku na huku, wakamfikisha hadi steji hatua kwa hatua. Sheila alitembea nyuma akibeba kiatu kimoja cha mama yake kilichomtoka.

Momanyi alipowaona aliruka kwenye pikipiki yake. Obadiah akamwambia, "Momanyi, na sheria?"

Momanyi akasita. Mguu wake ulikuwa kwenye kiki ya kuwashia pikipiki, lakini hakuikanyaga. Waendeshaji wengine waliangalia chini. Sheila aliona kwamba hata wale waliomhurumia mama yake walikuwa wakisubiri mtu mwingine aseme.

"Obadiah," Drusilla akasema, bila kupaza sauti. "Leo asubuhi umembeba Mwalimu Mkuu Nyakundi. Nimewaona kwa macho yangu. Tumbo lake lilikuwa limekusukuma mpaka juu ya tangi la mafuta. Alilipa watu wangapi?"

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza upesi.

"Yule ni mwalimu, omong'ina," Obadiah akanong'ona, akimwita mama kwa heshima ya Kigusii.

"Ahaa. Kwa hivyo si springi. Springi haijui mwalimu wala mama wa shamba. Mzigo wa ndizi mnautoza kwa ukubwa wake, na sisi hatujalalamika, kwa sababu huo ni mzigo. Huyu ni mtu. Mlitafuta mtu mtakayemcheka naye anyamaze, mkampata."

Kabla Obadiah hajasema tena, Momanyi alikuwa amekanyaga kiki. "Mkalisheni," alisema. "Nitaenda polepole. Mathe, nishike kiunoni kwa mkono ulio mzima."

Wakaondoka. Drusilla alifuata kwa pikipiki nyingine. Sheila alibaki barabarani na kile kiatu. Hakukuwa na kazi yoyote ambayo angemfanyia mama yake sasa, ila kurudi nyumbani, kufunga ng'ombe na kukusanya majani yaliyotapakaa. Aliyakusanya yote, hata yale yaliyonyauka.

Asubuhi ya Sabato Drusilla alikuja na habari. Orpah alikuwa hai. Presha ilikuwa imepanda mno, na muuguzi Edinah alisema kwamba wangechelewa zaidi huenda angepooza upande mzima. Walimlaza na kumpa dawa, naye akarudi nyumbani Jumapili, lakini mkono wake wa kushoto ulibaki dhaifu. Hakuweza kushika kikombe kwa mkono huo.

Juma hilo waendeshaji wa steji walikutana, na akina mama wa Dorkasi walikuja na kukaa pembeni wakisikiliza. Obadiah alisimama. Alisema kwamba petroli ni ghali na kilima ni kikali, na hilo lilikuwa kweli. Alisema pia kwamba hata sheria ya barabara inamruhusu mwendeshaji kubeba abiria mmoja tu, kwa hiyo hawakuwa na haki ya kumdai Orpah nafasi ya mtu wa pili. Kuanzia siku hiyo, abiria mmoja, nauli moja. Alimaliza kwa kusema, "Na yale ya mizani, hayakuwa mazuri." Alisema hivyo akitazama viatu vyake.

Si wote waliokubali kwa moyo. Mpaka leo wako wawili watatu ambao wakimwona Orpah anakuja hutoa simu mfukoni na kuitazama sana. Lakini Momanyi husogeza pikipiki mbele kabla hajaitwa, na Orpah hakukosa tena siku ya zahanati.

Asubuhi moja Sheila alikuwa akichuma peke yake. Mama yake alikaa kwenye kigoda kando ya shamba, mkono wake wa kushoto umelala mapajani. Sheila alichuma mpaka akafika karibu naye, kisha akauliza jambo lililokuwa likimsumbua.

"Mama, ulinikasirikia? Ulisema nisiite mtu."

"Nilikasirika," Orpah akasema. "Nilikasirika njia nzima mpaka zahanati. Kisha muuguzi akaniambia kile ambacho kingetokea, nikaona aibu." Akautazama mkono wake wa kushoto. "Wale vijana walinitoza zaidi kwa sababu ya mwili wangu. Hilo lilikuwa kosa lao, na wamelikubali. Lakini kuna kosa langu pia. Nilificha maumivu yangu kwa watu ambao wangenisaidia. Tena nikakupa wewe, mtoto, kazi ya kuulinda uongo wangu. Mtoto hapewi mzigo wa namna hiyo."

"Ningesema mapema, mkono wako ungekuwa mzima."

"Yaya, hapana, mwanangu. Hilo usilibebe. Mimi ndiye niliyekufunga mdomo." Orpah aliunyoosha mkono wake mzima, akamfuta Sheila uso. "Lakini likumbuke kwa siku nyingine. Mtu akikuonea, au mwili ukikuuma, usicheke pamoja na wanaokucheka kisha uende kulia peke yako. Mwambie mtu anayekupenda, na umwambie ukweli. Na umwambie ukiwa bado unaweza kusimama, usingoje mpaka ubebwe."