Sehemu ya Arobaini na Moja

Orodha ilikuwa na sehemu arobaini na moja. Jana fundi aliacha arobaini.

Alihesabu tena, kidole kikigusa kioo cha kompyuta. Kazi yake ilikuwa kutunza programu inayoendesha mashine za kupumulia, programu ndogo mno, hivyo hakuna sehemu iliyoingia humo bila kuandikiwa jina na sababu. Pampu inahitaji saa, saa inahitaji kengele, basi. Mashine moja ya aina hiyo ilikuwa nyumbani kwake, kando ya kitanda cha mama yake. Wiki tatu za kuuguza usiku na kushinda ofisini zilikuwa zimemwacha hoi bin taabani.

"Bibi Viraka," alimnong'oneza mkuu wake, mama mtu mzima aliyebandikwa jina hilo kwa miaka thelathini ya kuziba makosa ya wenzake. "Hii sikuiweka mimi. Haina jina. Ukubwa wake sufuri."

Bibi Viraka aliinama. Chumba kikanuka nywele zilizoungua, mchana kweupe, feni ikizunguka.

"Je, jana kompyuta ilikuuliza ilete sehemu gani badala ya iliyokosekana?"

"Iliuliza."

"Ukajibu nini?"

"Nilichoka, Bibi. Nikaandika 'yoyote', mradi ifanye kazi."

"Ala! Kila siku nawaambia tajeni jina! Ukiita yeyote aingie, unadhani nani yuko mlangoni anangoja? Mchuma janga hula na wa kwao, mwanangu. Ifute."

Fundi akaandika amri ya kufuta. Kompyuta, kama ada, ikaorodhesha kwanza vyote vinavyoitegemea sehemu ile: pampu, saa, kengele, mistari ikiteremka mmoja mmoja na feni ikipunguza mwendo hadi ikasimama kabisa, na katika kimya kile akasikia pumzi, pumzi nzito yenye mkwaruzo aliyoisikiliza kila usiku kupitia ukutani, ikitoka ndani ya kompyuta isiyo na hata spika. Mstari wa mwisho ulisomeka: mama.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, aliyebaki na mgonjwa.

"Dada, umeme umekatika tangu asubuhi. Betri nayo imekwisha. Mashine imezima."

"Mama je?"

"Anapumua. Vizuri kuliko jana. Lakini dada... kifua hakipandi."

Kwenye kioo swali lilikuwa bado linangoja: Futa? Ndiyo au hapana.

"Futa, mwanangu," Bibi Viraka alisema. "Huyu ukimzoea hatoki."

"Ni mama yangu, Bibi." Hata kulia hakuwa na nguvu. Akabonyeza hapana. Kisha, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, akajaza nafasi mbili zilizokuwa tupu. Jina: Mgeni. Sababu: anahitajika.

Feni ikaanza kuzunguka.

"Dada," mdogo wake akanong'ona simuni, "mama amefumbua macho. Anasema ahsante kwa jina. Jina gani, dada?"