Mzizi wa Jino la Mama Donatille

Simu ililia mara ya tatu. Bénita alikuwa na glavu mikononi na sindano ya kuoshea mzizi wa jino, imejaa maji ya kijani. Akabonyeza sauti ya nje kwa kiwiko.

— Modeste, niko na mama yako kwa kiti.

— Ulishatia dawa?

— Ndo nataka kutia sasa.

— Weka chini! Tafazali, Bénita, weka chini!

Bénita, daktari wa meno katika mtaa wa Majengo, alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kitini alikuwa Mama Donatille, mama mzazi wa Modeste, shavu limevimba, jino limeshafunguliwa. Zilibaki wiki tatu awe mama mkwe wa Bénita.

Mwaka mzima mama huyo aliwaletea majani ya umuravumba, mmea wa dawa za kienyeji, kutoka kijijini Masisi. Bénita aliyakamua kutafuta, kwa masomo yake ya juu, dawa ya kuua vijidudu ndani ya mzizi. Modeste, mchumba wake, aliipima maabarani. Matokeo yakawa mazuri mno, chuo kikaruhusu wajaribu kwa wagonjwa. Wa kwanza alipangwa wiki iliyofuata, lakini asubuhi hiyo mama aliamka na maumivu akasema: "Muanze na mimi."

— Niweke chini sababu gani?

Upande wa pili zilisikika honi za pikipiki.

— Zile namba za maabara nilibadilisha mimi. Vijidudu havikufa, Bénita. Karibu nusu vilibakia.

— Unasema nini?

— Ulikuwa unalia kila siku. Ulisema kazi ikianguka utaacha masomo. Nikaandika zile ulikuwa unangojea. Nilikupenda vibaya, sheri wangu.

Bénita aliitazama ile sindano.

— Nijibu kitu kimoja. Kama hapa kwa kiti angekuwa mama wa mutu mwingine, ungenipigia?

Upande wa pili pikipiki iliwashwa.

— Modeste, ungenipigia?

Simu ikakatwa.

Machozi yalimlenga, lakini jino lilikuwa wazi. Alimwaga yale maji ya kijani, akavaa glavu mpya, akavuta kwa sindano nyingine javeli, maji ya klorini yaliyozimuliwa, dawa ya siku zote. Akaosha mifereji ya mzizi polepole, mmoja mmoja, mpaka usaha ukaisha. Akaliziba jino.

— Nimesikia yote, Mama Donatille alisema, mdomo umekufa ganzi upande mmoja. Mutoto wangu, usimufiche Modeste sababu yangu.

Mlango ukafunguka. Modeste aliingia anahema, jasho usoni.

— Mama, uko muzima?

— Niko muzima sababu ya Bénita, hapana sababu yako. Jibu ulichoulizwa.

Modeste aliinamisha kichwa.

— Singepiga, alisema kwa sauti ndogo. Kama ni mutu mwingine, ningenyamaza.

Bénita alivua glavu, akavua pete ya uchumba, akamwekea kiganjani.

— Twende kwa musimamizi wetu, Profesa Kataliko. Sasa hivi.

— Nitafukuzwa kazi.

— Utafukuzwa. Na mimi pengine nitaanza upya. Twende.

Mbele ya profesa, Modeste alisema yote bila kujitetea, akatia sahihi. Jioni hiyo maabara ilimfungia mlango na jaribio likasimamishwa. Harusi ikafutwa, na mtaa wote wa Majengo ukawa unaongea.

Bénita alirudia vipimo na fundi mwingine wa maabara, Kamate, kwa miezi saba. Aliandika alichokiona: dawa yake ilipunguza vijidudu, ila haikuweza kushika nafasi ya javeli. Alipomaliza kuisoma ripoti yake mbele ya walimu wa chuo, alimwona Modeste amekaa kiti cha nyuma kabisa. Siku hizo alikuwa anapima maji ya kunywa kwenye kambi ya wakimbizi ya Mugunga.

Alipotoka kwenye korido ya juu, ujumbe wa Modeste ukaingia kwenye simu: *"Leo asubuhi nimefunga bomba la watu wote. Maji yalikuwa machafu. Chef wangu wa kazi alitaka niandike kwamba ni mazuri, nikakataa. Nilitaka ujue, basi. Sikuombi kitu."*

Bénita aliusoma mara mbili, akampigia.

— Wamekufukuza tena?

— Bado. Pengine kesho.

— Watu wenye kutumia hilo bomba unawajua?

— Hata mumoja.

Bénita alikunja karatasi zake, akaelekea kwenye ngazi.

— Uko wapi?

— Kwa mlango mukubwa wa chuo.

— Usiondoke. Niko nashuka.